Sare Isiyo na Kikundi

Enzi zetu, tangazo la kitenge lilikuwa mwili wa muuzaji mwenyewe. Mwanamke mwenye meza ya vitambaa sokoni Bujumbura hakuanza kwa kutandaza mzigo mpya. Alijishonea kwanza vazi, akalivaa kanisani Jumapili, akapita polepole katikati ya mabenchi, ili Jumatatu wateja waje wakiuliza wenyewe. Sisi watoto, tuliopakwa mafuta mpaka magoti yakang'aa, tulimfuata nyuma tukinusa wanga wa kitambaa kisichowahi kuguswa na maji.

Mpinzani wa mama yangu alikuwa Mama Zawadi, jirani yake wa meza. Kila asubuhi waliulizana habari za watoto, kisha wakaanza kunyang'anyana wateja kwa tabasamu. Mama akipima kitambaa kamili, Mama Zawadi aliongeza kiganja cha bure. Mama Zawadi akikunja vizuri, Mama alikunja kwa umbo la kipepeo.

Mwaka mmoja Mama aliweka mtaji wake wote katika mchoro mmoja: ndege wa buluu juu ya manjano. Mchuuzi aliyeuvusha mpakani Gatumba alimwapia kwamba hakuna mwingine mjini aliye nao. Kama usingeuzika, meza ingekwenda kwa mtu mwingine. Hilo hata sisi tulilijua, maana maharage ya nyumbani yalikuwa yameacha kuonja mawese.

Jumapili Mama alipoingia kanisani, Mama Zawadi alikuwa amekwisha kusimama safu ya mbele, ndege walewale wa buluu mgongoni. Nilimwona Mama akishika benchi. Kesho yake mmoja angeshusha bei, mwingine angeshusha zaidi, na wote wawili wangeangamia.

Baada ya ibada walikabiliana mlangoni.

"We Mama Riziki, hata kanisani unanifuata?" Mama Zawadi akamwuliza mama yangu.

"Mi nikufuate wapi? Ule mutu aliniapia niko peke yangu."

"Na mi aliniapia vile vile."

Kabla hawajaendelea, mwanakwaya mmoja akawakatiza: "Bamama, hii ni sare ya kikundi gani? Mi pia nataka kuingia."

Walitazamana. Mama Zawadi ndiye aliyekuwa mwepesi. "Kinaanza leo," akasema. "Kuingia ni kununua kitenge."

"Na bei ni moja," Mama akadakia, "kwangu ao kwake."

Mzigo ukaisha, meza ikabaki yetu, na kikundi kilichozaliwa kwa aibu kikawa cha kweli: kiliozesha mabinti, kikauguza wagonjwa. Upinzani haukufa, ulipata adabu tu. Bei ikiwa moja, walishindana kwa maneno, na hapo Mama Zawadi hakuwa na mwenzake.

Leo binti yangu anauza vitenge kwa simu. Anapata wateja wa mtaani Musaga na wa ng'ambo ya mpaka bila kunyanyuka kitini, na hupiga picha kitambaa kimoja mara nyingi kuliko sisi tulivyopigwa utotoni kote. Ana bidii ambayo bibi yake angeitambua mara moja. Ila wapinzani wake anawajua kwa majina ya kwenye simu tu, na wakishushiana bei hakuna anayejua watoto wa mwenziwe wamelala na nini tumboni. Sina hofu nao, werevu wanao. Ninawatakia Jumapili moja tu ya kugongana mlangoni uso kwa uso, wote wamevaa mzigo uleule.