Mrefu na Mdogo Wake

Harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu hunirudisha pale, na nikishafika huanza kwa kuwahesabu waliokuwapo. Shangazi yangu Zaituni alisimama nyuma ya meza ya kupigia pasi. Mzee Rajabu, jirani yetu wa tangu Bujumbura, alikalia kile kiti chetu kimoja chenye mikono. Maman Kabibi wa ghorofa ya chini, mwenyeji wa Bukavu, alikuwa kwenye kochi na beseni la maharage mapajani, akichambua. Wadogo zangu, Idi wa miaka minane na Mwajuma wa miaka sita, walikuwa sakafuni. Salvator wa ghorofa ya tatu, tuliyemwita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa, alikaa karibu na dirisha. Na mimi Mariamu, miaka kumi na mitano, nilikuwa kwenye kigoda ubavuni mwa televisheni, mahali pa mkalimani. Watu saba. Nawataja wote kwa sababu wote walisikia nilichosema, na mpaka leo sijakifuta mbele ya hata mmoja wao.

Ilikuwa Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, mwaka 2005, katika moja ya zile nyumba ndefu za zamani zilizogawanywa vyumba vya kupanga. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, na shangazi, dada wa baba, ndiye aliyetuchukua. Shule nilikuwa nakwenda siku mbili kwa wiki. Siku zilizobaki nilisafisha ngazi za majengo pamoja naye. Baadaye hata hizo siku mbili niliziacha. Kifaransa changu, hata hivyo, kilikuwa kizuri kuliko cha wakubwa wote wa nyumba ile isipokuwa Tonton Salvator, na kwa hiyo nilitafsiri kila kitu: barua za manispaa, maneno ya daktari, maandishi kwenye chupa za dawa. Shangazi aliwaambia watu, "Mariamu ndiye masikio yangu." Nilitembea nikiwa nimenyooka shingo kwa sababu ya sentensi hiyo.

Jumapili alasiri, watu wakisharudi kutoka sokoni pale stesheni ya Gare du Midi, kazi yangu ilikuwa televisheni. Taratibu zilikuwepo. Mkalimani hanywi chai mpaka matangazo ya biashara yaanze. Mkalimani haruhusiwi kucheka kabla ya wengine, maana wataona wamepunjwa. Na mhusika akifanya upumbavu, anayegombezwa ni mkalimani. Mara ngapi Mzee Rajabu alinikemea, "Mwambie huyo mwanamke asifungue mlango," na mlango ukafunguliwa, naye akanitazama kwa huzuni kana kwamba sikufikisha ujumbe.

Majira ya baridi yale ilianza tamthilia moja ya wanaume wawili waliokaa pamoja katika nyumba ndogo juu ya duka la viatu. Mmoja alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye kikohozi. Mwingine alikuwa kijana mwembamba aliyependa kupika. Sehemu ya kwanza haijafika nusu, nilikwishaelewa wao ni nani. Maman Kabibi naye akauliza palepale.

"Bon, Mariamu. Hawa bantu ni nani kwao?"

Naomba mnielewe hapa, ingawa sitaki mnisamehe upesi. Kwa Kifaransa ningeweza kulisema jambo lile kwa neno moja la kawaida, lililotumika shuleni na kwenye habari. Kwa Kiswahili, maneno niliyokuwa nayo ni yale niliyoyasikia watu wakirushiana barabarani, na mimi nisingeweza kutamka tusi mbele ya shangazi na mzee aliyekuwa na tasbihi mkononi. Nilitafuta neno safi, sikulipata. Nikasema, "Ni mtu na mdogo wake. Ni mayatima."

Tonton Salvator aligeuza macho kutoka dirishani. Alinitazama kidogo, kisha akanywa chai yake.

Basi wakawapenda. Waliwapa majina, Mrefu na Mdogo. Walimpenda Mdogo kwa upishi wake. "Huyu mutoto anajua kazi," alisema Maman Kabibi. "Donc mama yao alimufundisha muzuri mbele ya kufa." Nilipoulizwa mama alikufa vipi, ikabidi nimuue kwa homa. Nilipoulizwa baba, nikampeleka baharini asirudi. Siku walipoonekana wakilala kitanda kimoja, nilianza kutunga uongo mwingine, lakini shangazi alisema tu kwamba kodi za Brussels zinajulikana, na sisi wenyewe tulikuwa wanne katika chumba kimoja, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mrefu alipolazwa hospitali na Mdogo akakaa kando ya kitanda siku nzima akimshika mkono, Mzee Rajabu aliinua viganja akamwombea dua, tukaitikia amina wote, na Tonton Salvator Mkristo pia akaitikia.

Shangazi aliweka pasi chini siku ile akaniambia, "Umemwona yule? Hamwachi ndugu yake. Na wewe wadogo zako usiwaache." Nimeishi kwa neno hilo. Sikuwaacha.

Jioni moja nilikutana na Tonton Salvator kwenye ngazi. Alikuwa anatoka kazini; alihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na mikono yake ilinukia sabuni siku zote. Aliishi na Mbelgiji mmoja mpole, fundi wa saa, na jengo zima lilisema wanagawana kodi. Kila Jumatano mchana, shule zikifungwa mapema, Idi alipanda kwao kusomeshwa. Idi alikuwa mzito wa kusoma. Walimu walikuwa wamemkatia tamaa, Salvator hakumkatia.

"Mariamu," alisema, "umeanza kazi ya kutunga. Ina jasho kuliko kufagia ngazi."

"Nifanyeje sasa, Tonton?"

Alifikiri, mguu mmoja juu ya ngazi. "Sijui, mwanangu. Wanawapenda sana. Hata mimi nashindwa kuwaharibia." Akapanda.

Sasa ile Jumapili. Mrefu alitoka hospitali. Mdogo alimfungulia mlango, wakatazamana, na Mrefu akamshika Mdogo usoni kwa mikono miwili akambusu mdomoni. Haikuwa busu la kupita. Kamera ilikaa pale, na mimi kwenye kigoda sikuwa na kitu cha kutafsiri.

Beseni la maharage likatulia. Mzee Rajabu alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Shangazi alisahau pasi juu ya shuka, na harufu ikaanza kugeuka.

"Ngoja," alisema Maman Kabibi polepole. "Huyu si ndugu yake? Anamubusu ndugu yake hivi ju ya nini?"

Hapo ndipo nilipoona nilichokijenga. Nilikuwa nimekwepa kusema jambo moja, na sasa mbele yao lilikuwa limesimama jambo baya mara kumi: ndugu wa tumbo moja. Mzee Rajabu alisema, "Audhubillahi," na niliona kwamba aliikumbuka ile dua yake.

Shangazi alizima pasi. "Mariamu. Ulituambia ni mtu na mdogo wake."

"Ndiyo, shangazi."

"Ni mtu na mdogo wake?"

"Hapana, shangazi."

"Ni nani, basi?"

Mwezi ule faili letu lilikuwa kwa hakimu wa watoto, aliyetakiwa kuamua kama sisi watatu tutabaki kwa shangazi. Kila ukurasa ulioingia nyumbani ulisomwa na mimi, na shangazi alitia saini pale nilipoweka kidole. Nilimtazama, nikaona anavyonitazama: alikuwa anapitia kurasa zote hizo kichwani, moja moja. Nikaogopa. Nikasema, "Mimi sikuelewa vizuri. Tonton Salvator ndiye aliyeniambia niseme ni ndugu."

Niliyasema hayo nikimtazama. Huenda hilo ndilo linalonichoma zaidi. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, na angeweza kusema kwa sentensi moja kwamba si kweli. Wangemwamini, alikuwa mtu mzima. Aliweka kikombe chini, akawatazama Idi na Mwajuma pale sakafuni, kisha akasema, "Ni mimi. Mtoto asilaumiwe."

"Kwa nini ufiche, Salvator?" aliuliza Mzee Rajabu, kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele. "Mtu huficha kinachomhusu."

Maman Kabibi, ambaye hakuwa na ubaya, ila mdomo wake ulitangulia siku zote, akacheka kidogo. "Na ule muzungu wa kule juu, alors? Naye ni mudogo yako?"

Hakuna aliyecheka naye. Alikuwa ametania, na kabla utani haujafika sakafuni kila mtu alijua kwamba si utani. Niliona jambo lile likipita usoni mwa shangazi, kisha mwa mzee, kisha likamrudia Maman Kabibi mwenyewe, akainamia maharage yake.

Tonton Salvator alisimama, akafunga vifungo vya sweta yake kuanzia chini kwenda juu, vyote. "Asante kwa chai, Maman Zaituni," alisema, akatoka. Tulimsikia akipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu.

Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemtukana. Jumatano iliyofuata shangazi alimwambia Idi abaki nyumbani. Idi aliuliza kwa nini, akaambiwa Tonton ana kazi. Sahani yetu iliyokuwa kwa Salvator tangu sikukuu ya Idi, ile ambayo siku zote ilirudi na kitu, mkate au machungwa mawili, niliikuta mlangoni imeoshwa, tupu. Na sahani yake iliyokuwa kwetu shangazi akanituma niirudishe tupu vilevile. Niliibeba mpaka ghorofa ya tatu, nikaiweka chini, nikashuka bila kugonga. Kabla ya mwezi wa nne yeye na fundi saa walikuwa wamehama.

Hakimu alituacha kwa shangazi. Nilibaki kuwa masikio yake.

Mwaka ule Idi alirudia darasa.

Miezi kama miwili baadaye, Maman Kabibi alinisimamisha kwenye ngazi, akatazama juu na chini kwanza. "Mariamu, yule Mrefu. Kikohozi yake, alipona?"

"Alipona, Maman."

"Bon," alisema, akaingia ndani haraka na kufunga mlango.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama cha kuchekesha, nikikatiza kabla ya pasi kusahauliwa juu ya shuka. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba wazee wale walikuwa wamekwishaona kila kitu tangu Jumapili ya kwanza. Waliona mtu anamhudumia mwenzake, wakampenda, wakamfanya mfano wa kunilea. Hapakuwa na uongo katika walichokiona. Uongo ulikuwa wangu, na ulipopasuka ulimwangukia mtu pekee aliyejua ukweli wote na kuunyamazia kwa ajili yangu. Sijui kama wangempokea Salvator kama ningesema kweli siku ya kwanza. Sidhani. Lakini asingeitwa mwongo.

Nilikutana naye mara moja tu, miaka kumi na moja baadaye, stesheni ya Gare du Nord, kwenye ngazi za kupandia treni. Nywele zilikuwa nyeupe. Alinitambua yeye kwanza. "Idi anasoma?" lilikuwa swali lake la kwanza. Nilimwambia Idi anasomea uuguzi. Alifurahi, akaniuliza Mwajuma, akaniuliza shangazi, kila mmoja kwa jina. Nilikuwa na maneno yangu tayari mdomoni, nilikuwa nayo kwa miaka kumi na moja. Akasema, "Umewalea vizuri, Mariamu," na mimi nikasema asante, treni yake ikaingia. Sikumwomba hata anwani.

Shangazi sasa ni mzee, anaishi nami. Ninachodaiwa si kikubwa kukisema: ni sentensi moja kwake na sentensi moja kwa Salvator, na kila mwaka ninaopitisha naona aibu zaidi kwamba ni fupi hivyo. Jumapili iliyopita shangazi alikuwa anawasimulia watoto wa Idi mambo ya nyumba ile ya zamani. Alipofika kwa jirani wa ghorofa ya tatu aliyemfundisha mtoto wa watu kudanganya, alinigeukia, kama afanyavyo siku zote, ili nithibitishe.

"Ndivyo, shangazi," nilisema.