Kiatu cha Bibi Kule Ayjah

Juzi, nikirudi nyumbani Sur, Oman, hoi kwa kazi, niliwaona watalii wakizungushwa kwa mashua kwenye visiwa vya hori. Nikaikumbuka alasiri ya utotoni niliyovuka na Bibi kwenda Ayjah, ng'ambo ya hori, kanga yake ikinukia udi, maji yakinuka matope. Kila kisiwa tulichokipita nilidhani ndicho Unguja, alikozaliwa.

Shoga yake, Bi Zuwena, alikuwa kalala, mgonjwa. Bibi alimshika mkono.

"Shoga, nipe radhi. Ulimi wangu unaujua."

"Naujua sana! Nimekusamehe. Nawe nisamehe."

Nilishazoea kuona watu wakiombana radhi kabla ya safari. Nikaamini Bibi anarudi kwao na ataniacha. Nikakichukua kiatu chake kimoja, nikakificha chini ya kitanda cha mgonjwa.

Bi Zuwena aliniona. Akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wako hataki uende, bibi we!" Lakini hakusema kiatu kilipo.

Bibi alirudi mashuani miguu mitupu, kachoka, hakunigombeza. Siku ya tatu tuliletewa habari kwamba Bi Zuwena amefariki. Bibi alilia. Mimi nilikaa pembeni yake, moyoni nikifurahi kwamba nimemzuia asisafiri.