Paka wa Banda la Makaa

Mimi ni mtu wa kelele. Nilipokuwa nauza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, sokoni Gisenyi, mume wangu alinitania kwamba nikiita wateja, hata wale wa Goma, ng'ambo ya mpaka wa Grande Barrière, wanageuka. Tulikuwa tumerudi kutoka Karagwe miaka michache baada ya vita, tumepanga vyumba viwili, na kwenye banda la makaa la mwenye nyumba paka asiyefugwa akazaa watoto watatu. Muda si mrefu mama yao akagongwa na lori.

Mwenye nyumba, mzee mpole tu, alikuwa amechoshwa na panya. Akaniambia mwisho wa wiki ataweka sumu bandani. "Ukiwataka hao paka, watoe kabla."

Kuwatoa vipi? Niliingia na kitenge nikijifanya mjanja, nikatoka na mikwaruzo mpaka kiwiko. Jirani yangu, mama wa Goma aliyeolewa huku, alicheka mpaka akakaa chini. "Bon, we unawakamata kama kuku! Kaa tu pale, uwape mugongo. Usiwaangalie mu macho. Na ufunge hiyo kinywa yako, mama!"

Basi nikafunga. Kila nikitoka sokoni nilikaa juu ya gunia, nimewapa mgongo, mkono nimeulaza nyuma, sambaza iliyopondwa kwenye kidole. Kunyamaza kulinichosha kuliko kuuza. Lakini siku niliposikia kaulimi kanakwaruza kidole changu, jamani, machozi yalinitoka. Wa kwanza alipozoea, wa pili akamfuata. Mmoja nikampa jirani, mmoja nikamweka jikoni. Akabaki mweusi, ambaye alikula mkononi mwangu mara moja tu, akakimbia.

Siku iliyofuata nilirudi nikakuta mzee ameamua kuwahi. Alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa banda, vidole kavivika mfuko wa nailoni, ameshika sambaza aliyoipaka sumu ya panya. Na mweusi alikuwa anamwendea. Mkia juu, hana wasiwasi, moja kwa moja kwenye vidole. Nani alimfundisha kwamba mkono wa mtu ni chakula? Si ni mimi!

Nilipiga ukelele, sijui niliutoa wapi. Beseni likanidondoka, mzee akaanguka kwa makalio, mweusi akaruka mpaka juu ya mabati.

"Weee mama, umeniua!" mzee alisema. Kisha akaiangalia ile sambaza, akamwangalia paka kule juu, akaanza kukusanya sumu yake yote.

Mweusi alikulia pale juu ya mabati, akanenepa kwa panya wa mtaa mzima. Mzee alipita chini yake akikohoa, watoto wakapita na mpira, hakujali. Mimi nilimwekea chakula ukutani, na alisubiri niingie ndani ndipo ashuke. Iliniuma sana. Mpaka tunahama, katika watu wote wa pale, aliniogopa mimi peke yangu.