Kadi ya Ahadi Niliyompa Mzee Kanti

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, niliyorudi nyumbani Wembley, hapa London, nawaka hasira, nikaubamiza mlango mpaka jirani akagonga ukuta. Na hasira yangu ilikuwa ya haki. Nataka ulijue hilo mwanzo, maana sikukuita hapa nikufundishe kunyamaza. Waliotudhulumu walitudhulumu kweli, na hata leo na mvi zangu hizi, nikiwakumbuka damu hunichemka. Lakini siku hiyo ndiyo niliyojifunza kwamba mtu anaweza kulia kwa kudhulumiwa, na huku mkononi mwake ameshika haki ya mwenziwe. Tulia nikusimulie.

Wazazi wangu walitoka Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, mimi nikiwa bado wa kubebwa. Baba alipata kazi ya kukata tiketi kwenye mabasi. Hakuwa na starehe nyingine ila mpira, na msimu wetu wa kwanza hapa alikusanya kadi za wachezaji, zile zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za ubani wa kutafuna. Akazikamilisha zote, ila tulipohama nyumba zikapotea. Baba alikufa nikiwa na miaka ishirini, na mpaka anakufa alikuwa akizitaja zile kadi kama mtu anayetaja jamaa zake.

Mimi nami nikaajiriwa uwanjani, jikoni, kupika chai na kuosha vikombe. Watu wakinionea wivu: ah, Salma anaona mechi zote! Mwanangu, miaka mitatu sikuona mpira hata dakika kumi. Nilikuwa nasikia kelele tu nyuma ya ukuta, nikiuliza nani kafunga. Ndipo nikaanza kununua kadi, angalau niwajue sura hao wanaopigiwa makelele.

Zamani hizo, simu za mkononi zilikuwa bado za watu wachache, na kampuni za kadi zilikuwa tatu. Zilishindana, na sisi tukafaidi ushindani wao: karatasi ngumu, picha safi, bei ya kawaida. Kisha moja ikaenda kwenye ligi ikanunua leseni ya pekee. Maana yake, hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuchapa sura ya mchezaji akiwa amevaa jezi ya timu yake. Zile kampuni mbili zikafunga virago.

Hapo ndipo tulipokiona cha mtema kuni. Kadi kumi katika pakiti zikawa saba, bei ikapanda, karatasi ikawa nyepesi unaweza kuona taa upande wa pili. Wakabadilisha kipimo kwa makusudi ili kadi mpya zisiingie kwenye albamu za zamani, tununue na albamu. Nilifungua pakiti nikakuta mchezaji mmoja mara tatu, na mwingine picha yake imeandikwa jina la mtu mwingine kabisa! Ukiandika barua kulalamika, unajibiwa kwa shukrani: asante kwa kuwa mteja wetu mpendwa. Mpendwa! Mwenye duka pekee mtaani hana haja ya kusafisha mizani.

Halafu wakaleta hila kubwa kuliko zote. Ndani ya pakiti chache waliweka kikaratasi kinachong'aa, kimeandikwa kwamba mwenye hiki akikirudisha kwa posta ataletewa kadi iliyotiwa saini na mchezaji kwa mkono wake mwenyewe. Sisi tukakiita kadi ya ahadi. Watu walinunua pakiti kwa maboksi kutafuta kikaratasi hicho. Mimi, kwa bahati, nikakipata kimoja, cha golikipa mmoja Mwafrika aliyekuwa akisifiwa sana mwaka ule.

Sasa nikujuilishe kwa Mzee Kanti. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Unguja, mwenye duka la nyuzi, vifungo na zipu hapo Wembley. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyelelewa London. Ujanani alidaka mpira wa shule yao, na alikuwa na kidole kimoja kilichopinda kwa ajili hiyo, akikionyesha kwa fahari kama mwingine anavyoonyesha nishani. Alipofika Uingereza hajui lugha, alijifunza Kiingereza kwa kusoma maandishi ya nyuma ya kadi za mpira. Na kadi zenyewe, mwanangu, zilikuwa za msimu ule ule wa baba yangu. Alikuwa nazo zote, hata moja haikukosekana.

Nilizitamani vibaya sana. Naye aliposikia nina kadi ya ahadi ya golikipa, macho yakamng'aa.

Sasa sikiliza kosa langu. Kila mwezi sisi wakusanyaji tulikutana Stratford, katika ukumbi wa kanisa, kubadilishana kadi. Wiki moja kabla ya kufanya biashara na Mzee Kanti, dada mmoja Mkenya, nesi wa Lewisham, alinivuta kando akaniambia, "Salma, hiyo kitu usiitegemee. Mimi yangu nilituma mwaka jana, mpaka leo ni kungoja tu. Na nimesikia leseni yao inaisha."

Nilisikia. Nilielewa. Nikaenda zangu dukani kwa Mzee Kanti.

"Ina hakika hii, mwanangu?" aliniuliza, anakigeuzageuza kile kikaratasi.

"Mzee Kanti, hii ni sawasawa na kadi yenyewe," nikamjibu. "Unaituma, wiki sita inakufikia. Nakuahidi."

Akaniamini. Akazitoa kadi zake moja moja, akazifunga kwa kitambaa, akanipa. Nilitoka pale nimezikumbatia kama mtoto mchanga, na moyoni nikijiambia kwamba yule nesi labda ana bahati mbaya tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi.

Wiki sita zikapita, ikawa miezi minane. Kisha kampuni ikampelekea Mzee Kanti bahasha. Ndani mlikuwa na barua fupi kwamba leseni yao ya ligi imekwisha, kwa hivyo hawana tena haki ya kutoa kadi hiyo, na badala yake wanamzawadia pakiti nne. Pakiti zenyewe zilikuwa za mieleka! Wanaume wamejipaka mafuta, wanatoa meno. Mzee yule wa miaka sabini na zaidi alikuja kwetu amezishika, hakujua acheke au alie.

Sikukubali. Jumamosi ile tukapanda treni mimi na yeye mpaka ofisi ya kampuni. Alivaa koti lake la harusi, akafunga na tai. Tukangojeshwa kitako saa nzima chini ya mabango ya wachezaji makubwa kama milango. Hatimaye akatoka kijana nadhifu, anatabasamu. Hakutukaribisha ndani, alizungumza nasi pale pale mapokezini.

"Pole sana," akasema, "lakini leseni imekwisha."

"Mlipouza pakiti, leseni ilikuwapo?" nikamuuliza.

"Ilikuwapo."

"Mlijua itakwisha lini?"

Akaangalia saa yake. "Masharti yameandikwa nyuma ya pakiti, mama. Kampuni inaweza kubadilisha zawadi bila ya taarifa."

Nikaomba pakiti, akanipa. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Ndipo Mzee Kanti akamuuliza taratibu kwa Kiingereza chake cha kadi, "Mwanangu, na ahadi nayo ina leseni?"

Yule kijana akaangalia tena saa yake. Alitushukuru kwa kuwa wateja wao, akatufungulia mlango. Tukaenda kwenye simu ya barabarani, nikaipigia kampuni mpya iliyochukua leseni. Wakasema hao ni hao na sisi ni sisi, ahadi zao hazituhusu. Basi ikawa tumeuzwa na mmoja, tukakanwa na wawili, na wa tatu wa kumwendea hayupo, kwa sababu ya hiyo leseni ya pekee. Tembo wakibadilishana msitu, nyasi hazishauriwi.

Kwenye treni nilitukana njia nzima. Mzee Kanti alitazama dirishani tu. Tulipoagana alisema, "Haidhuru, Salma. Umefanya uliloweza."

Neno hilo lilinichoma, na sikutaka kujua kwa nini.

Ndiyo nikaingia nyumbani na huo mlango niliokwambia. Mama yangu alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye sinia. Nikamwaga yote: wezi, walaghai, wanakula jasho la watu, wanajificha nyuma ya herufi ndogo. Mama alinisikiliza mpaka pumzi zikaniishia. Hakuinua macho.

"Watu wabaya," akasema. "Na wewe hukujua kama hawatimizi?"

Nikajimiminia chai.

"Salma, nakuuliza. Hukujua?"

"Nesi mmoja aliniambia, mama. Lakini haikuwa hakika."

"Ulimwambia Kanti?"

"Hapana."

"Na kadi zake ziko wapi sasa hivi?"

"Chumbani. Kabatini."

Hapo akalisukuma sinia kando, akanitazama. Mama alikuwa mpole, mwanangu, hakuwahi kunipiga. Siku ile ningependa anipige.

"Basi kampuni ina ofisi huko mlikotoka," akasema, "na tawi lake liko chumbani humu, kabatini. Wao walijua wakauza. Wewe ulijua ukauza. Wao wamesema si sisi, ni leseni. Wewe unasema si mimi, ni kampuni. Tofauti yenu mimi siioni, labda wao wana mabango. Nyani haoni kundule, mwanangu. Na mimi nimekulea katika nchi ya watu tukisema uungwana ni vitendo, nikidhani unasikia."

Nikataka kumwambia kwamba kadi zile ni kama zile alizozipoteza baba. Akanijua kabla sijafungua mdomo. "Baba yako angezishika hizo kwa mkono gani?"

Sikumaliza hata chai. Nilizichukua kadi na kitambaa chake, nikakimbia barabarani mpaka dukani. Mzee Kanti alikuwa anafunga. Nikamwekea juu ya meza, nikamwambia yote, hata habari ya nesi. Hilo la nesi ndilo lililokuwa zito kulitoa, mwanangu. Kurudisha kitu ni rahisi. Kusema nilijua, hapo ulimi unageuka jiwe.

Alikifungua kitambaa, akazipitia moja moja, hakuruka hata moja. Alipomaliza akasema, "Nilijua si wewe uliyeandika ile barua. Sikujua kwamba uliisoma kabla yangu." Akazima taa ya dukani, akaningoja nitoke.

Kwa kampuni hatukushinda. Watu wa ukumbi wa Stratford tuliandika barua, tukatia saini sote, haikujibiwa. Tukaapishana msimu mzima tusinunue pakiti za hiyo kampuni mpya wala ya zamani. Wengine walitimiza, wengine walinunua kwa kujificha. Yule nesi Mkenya hakununua tena maishani mwake, naye nitamheshimu mpaka kufa.

Na Mzee Kanti? Miezi mingi alikuwa ananijibu salamu na basi. Nilikwenda kila Jumamosi kununua uzi nisiouhitaji. Nilikuwa na uzi wa kushonea nusu ya Wembley. Siku moja akasogeza kigoda kwa mguu, akasema, "Kaa, unywe chai." Tukanywa. Tukanywa chai pamoja miaka na miaka, mpaka alipokufa. Alinisamehe, hilo sina shaka nalo. Lakini kadi hakubadilishana nami tena hata moja, wala mimi sikuthubutu kumwomba.

Mwanangu, leo nakuona na simu yako unanunua kadi ambazo hata kuzishika huwezi, na mwenye leseni bado ni mmoja, na herufi zimezidi kuwa ndogo. Kasirika. Nakuomba ukasirike. Wanaofunga soko lote kwa ufunguo mmoja, halafu wakakuuzia ahadi wanayojua wataivunja, hao hawastahili upole wako. Andika, piga simu, nenda mlangoni kwao hata wakutoe, na pesa yako uinyime mkono wao, kwani hiyo ndiyo lugha wanayoisikia. Soma masharti kabla ya kutoa, si baada ya kulia.

Lakini ukiuziwa kibovu, kiishie kwako. Usikitafutie mwenzio asiyejua ukampa na tabasamu. Mkubwa akikudhulumu, mdogo wako hana kosa. Na ukimpa mtu neno lako, usimpeleke kwa mwingine akalidai. Ahadi ni deni la aliyeitamka. Ukikosea, na utakosea, rudisha upesi, na useme lile usilotaka kulisema.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe moyo usioogopa wakubwa na mkono usiowaumiza wanyonge. Akupe rizki usiyoionea haya, na marafiki wanaokuamini, na wewe akujaalie ustahili kuaminiwa. Amin.