Mtihani wa Akello Ufukweni Usenge

Mwalimu Maximilla Kageha hakuwa mtu wa kubembeleza. Corona ilipofunga chuo, alihamishia darasa lake la Kichina kwenye simu ya video, akawa anafundisha kutoka mezani kwake Kaloleni, barakoa shingoni ingawa chumbani alikuwa peke yake. Sheria ya mtihani wa mdomo aliitangaza mara tatu: sauti ya pili ikisikika, sifuri.

Zamu ya Akello ilifika saa nne asubuhi. Binti huyu alikuwa amerudi kwao Usenge kumsaidia mamake kuanika omena, dagaa wa ziwani, na asipofaulu, nafasi yake ya kwenda kusoma China ingepotea. Mwalimu akauliza swali la kwanza. Kabla Akello hajafungua kinywa, jibu likatoka nyuma yake, sauti sita kwa pamoja, tena sahihi kabisa.

"Akello! Nani hao wanakuibia mtihani?"

"Si kuiba, Mwalimu. Ni mama na wenzake. Huwa naweka simu kwa spika tukigeuza omena. Ukisema turudie, na wao wanarudia."

Miezi minne yote ya darasa la simu walikuwa wakisoma naye! Maximilla akapigwa na butwaa, lakini sheria ni sheria.

"Basi sogea mbali nao."

"Nikitoka hapa tu, netiweki inapotea."

Seline, mamake Akello, akainama mbele ya simu. "Pole, Mwalimu. Sisi hapa mmoja akiitwa tunaitika wote, tumezoea hivyo. Anza tena, tutanyamaza." Akawageukia wenzake. "Ling'uru!" Wakanyamaza.

Maximilla akakubali shingo upande. Akello akajibu la kwanza peke yake, la pili, la tatu. Kwenye la nne mwalimu akaona kitu kwenye skrini, nyuma ya bega la Akello. Yangeyange walikuwa wameshukia nyavu za omena, kundi zima, wanadonoa. Kwa kawaida kelele za wanawake ndizo huwafukuza. Sasa mmoja alipunga leso na ndege hawakujali. Wengine walisimama viganja mdomoni, Seline akitazama omena zake zikiliwa, hasemi hata shii.

Maximilla aliona aibu, aibu ya kweli, kwa neno lile la kuiba. Maswali yalikuwa kumi na hakuwa na ruhusa ya kupunguza. Akayauliza mbio mbio, Akello naye akijibu mbio, machozi yakimtoka.

La kumi lilipojibiwa, mwalimu aliruka kitini.

"Amepita! Mama Akello, fukuzeni ndege! Pigeni kelele nyote!"