Samoni Aliyenasa Kwenye Mshipi wa Jodari

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa aproni ya plastiki, buti za mpira na kisu chembamba, nikasimamishwa mbele ya meza iliyojaa samoni. Lilikuwa duka la samaki huko Schaerbeek, mtaa wa Brussels, tramu zikipita mlangoni. Mwenye duka, Mturuki ambaye sote tulimwita Patron, alisimama nyuma yangu akiitazama mikono yangu. Nilizaliwa Uvira, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo samaki hawakuwa wageni kwangu. Lakini huyu mwenye nyama ya rangi ya machungwa sikuwahi kumgusa.

"Usimkate kama kuni," Patron aliniambia. "Mteja anakula kwa macho kwanza."

Nilijifunza. Kwa miaka mingi niliwapasua samoni na kutoa minofu, yaani zile pande mbili za nyama zisizo na mfupa, kisha nikang'oa miiba midogo kwa koleo. Walikuwa samaki wa kufugwa, waliokuzwa kwenye vizimba baharini. Walitufikia wamelala kwenye barafu, wote karibu ukubwa mmoja, macho meupe. Ninyi vijana mnaoniuliza nilifanya kazi gani kabla ya pensheni, jueni kwamba nilianza kama mtu wa visu. Bahari ilikuja baadaye, mvi zikiwa zimeshaanza kuniota.

Aliyeileta ni Athumani, Mkenya wa Lamu, fundi wa mashine kwenye boti ya kuvua jodari kutoka bandari moja ya Bretagne, kule Ufaransa. Kila majira ya baridi alikuja Brussels kumtembelea dada yake, na hakukosa kupita dukani kwetu ili azungumze Kiswahili. Siku moja akaniambia, "Mzee, kapiteni wetu anatafuta mtu wa sitaha. You're wasting your time hapa, kukata samaki waliokufa."

Mke wangu, Maman Zawadi, hakutaka kusikia. "Papa, muntu wa miaka yako anaenda kujifunza bahari? Donc ukitumbukia mule, mimi nitaambia batoto nini?" Lakini asubuhi ya safari alinikuta nafunga begi, akalifungua, akanitilia sweta mbili nilizokuwa nimeziacha.

Kapiteni alikuwa Mbretoni mfupi mwenye sauti kama honi ya meli. Alinitazama kuanzia mvi hadi viatu. "Safari moja tu," alisema. "Ukifaa, tutamaliza msimu pamoja. Usipofaa, unarudi kwenye visu vyako."

Sasa niwaeleze uvuvi wenyewe. Hatukutumia nyavu. Boti ilikuwa na pondo mbili ndefu zilizolazwa huku na huku juu ya maji kama mabawa, na kwenye kila upondo ilining'inia mishipi, yaani kamba za kuvulia. Mingine ilifungwa tezi, yaani nyuma ya boti. Mwishoni mwa kila mshipi palikuwa na chambo cha bandia, nyuzi za rangi zinazochezacheza kama ngisi, na ndoana isiyo na kijino, ili samaki akifika sitahani achomoke upesi na mshipi urudi majini. Boti inakwenda bila kusimama, chambo kikirukaruka juu ya mawimbi, na jodari anadhani ngisi anamkimbia. "Kwetu Lamu tunaita kurambaza," Athumani alinieleza.

Kazi ya kapiteni ni kutafuta maji. Alikodolea macho kipimajoto chake kama daktari. Mahali ambapo maji ya bluu yenye joto hukutana na maji ya kijani yenye baridi, jodari hupita wakiwinda kandokando ya mpaka huo.

Siku za mwanzo hatukupata kitu. Nilitapika mpaka tumbo likawa gunia tupu. Kapiteni hakunikaripia, aliendelea kukodolea macho kipimajoto chake. Halafu, asubuhi moja, Athumani akatoa kichwa kwenye chumba cha mashine, akanyoosha kidole.

"Ndege! Mzee, ona ndege!"

Mbele yetu ndege walikuwa wanajitupa baharini kama mawe. Kapiteni akakata usukani. Mshipi wa kwanza ukakaza, wa pili, wa tatu, na upondo wa kulia ukapinda. "Vuta! Vuta! Vuta!" Nikavuta mkono baada ya mkono. Jodari wangu wa kwanza alinivuta na yeye, akizama chini kwa nguvu za ndama anayekataa kamba. Akapanda sitahani, mnene, mapezi yake marefu kama mabawa, akipiga mbao kama ngoma. Nikapiga kelele kwa furaha. Sikumbuki nilitumia lugha gani.

Nikashika mshipi mwingine, na huo ukafanya jambo la ajabu. Jodari akinaswa huzama. Huyu alipanda. Aliruka mzimamzima nje ya maji, fedha tupu, akatikisa kichwa, akaanguka, akaruka tena.

"Athumani! Huyu ni nani?"

"Sijui, lakini si jodari, wallahi!"

Nilimvuta hadi ubavuni mwa boti, nikamwinua kwa wavu wa mkono. Madoa meusi mgongoni, kama pilipili manga iliyonyunyizwa. Karibu na mkia, kile kipezi kidogo cha nyama nilichokizoea dukani.

"Samoni!" nilipaza sauti. "Kapiteni, saumon! Saumon!"

Naibu wa kapiteni, jitu refu lililokuwa likivuta upande wa pili, alicheka. "Huku mbali hakuna samoni. Mkongo amevuta moshi wa dizeli." Alipomwona akasema, "Basi aende kwenye sufuria."

"Haruhusiwi!" kapiteni alinguruma kutoka kwenye usukani. Sheria ilitukataza kuweka samoni huru, asiyefugwa, anayenaswa baharini. "Mrudishe, haraka, kisha rudi kwenye mishipi!"

Ndoana ilichomoka kirahisi. Lakini nilipomshusha majini, bado nimemshika mkia, aligeuka tumbo juu. Amechoka. Tungemwachia katika ule mkondo unaochemka nyuma ya boti, angekufa. Miaka yote ile nilikuwa nimewashika samoni bila kumwona hata mmoja akivuta pumzi. Nikasahau kwamba nipo kwenye majaribio.

"Kapiteni, punguza mwendo! Anakufa!"

Naibu alinitazama kana kwamba nimewasha moto boti. Kupunguza mwendo maana yake vyambo vyote vizame na kulegea, na kundi la jodari liende zake. Jodari ndio waliotuleta kule. Mishipi ilikuwa inakaza kila upande. Nilimwona kapiteni kupitia kioo, mkono wake juu ya wenzo wa mashine, akimtazama samaki, akiwatazama ndege.

Mngurumo ukashuka.

Nikalala kifudifudi ukingoni. Athumani akanikamata miguu. Mkono mmoja mkiani, mwingine chini ya tumbo, nikamwelekeza samoni kichwa kule maji yanakotoka kidogokidogo, ili yaingie mdomoni na kupita kwenye mashavu yake ya kupumulia. Hakuna kitu. Naibu alivuta mishipi yake na yangu pia, akinitukana kwa Kibretoni. Maji baridi yaliingia mikononi mwa sweta. Kisha shavu likafunguka. Likafungwa. Likafunguka tena. Mkia ukakaza kiganjani mwangu kama msuli wa mtu anayeamka, akanichapa maji usoni, akaondoka.

"Nenda, bwana, nenda!" Athumani alipiga kelele, na mimi nilikuwa nacheka huku chumvi ikiniunguza macho.

Nilipoinuka, bahari ilikuwa tupu. Ndege wamekwenda. Naibu akatupa glavu zake chini. "Hongera," akasema. "Kundi zima la jodari kwa samaki mmoja ambaye hata hatumli."

Kapiteni akashuka. Nikajipanga kupokea hukumu.

"Baba yangu alivua maji haya maisha yake yote," alisema polepole. "Hakuwahi kumwona hata mmoja huku. Mkia ulikuwa na nguvu?"

"Nguvu sana, kapiteni."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu tuondoke bandarini. "Bon. Sasa nitafutieni jodari wangu."

Tulitafuta mpaka alasiri, kila mtu macho nje. Tulipowapata, mishipi yote ilikaza kwa pamoja! Hatukuwa na nafasi ya kusema. Tulivuta bila kupumzika, sitaha yote inang'aa bluu na fedha, na naibu, damu ya samaki hadi kwenye nyusi, alikuwa anacheka kama mtoto. Baadaye yeye mwenyewe aliniletea kahawa. Hakuomba radhi, wala mimi sikumdai. Nilifanya kazi kwenye boti ile kila kiangazi, kwanza na kapiteni yule, kisha na binti yake aliyeshika usukani baada yake, mkali kuliko baba, hadi magoti yangu yaliponikatalia.

Sasa tunaishi Ganshoren, upande mwingine wa Brussels, mtaa wa watu watulivu. Vijana hudhani nasikitika kwamba nilianza bahari nimechelewa. Sisikitiki. Kazi kwa sehemu kubwa ni kurudia jambo lilelile. Mkibahatika, siku moja kitu ambacho mmekishika miaka yote kitafumbua macho mikononi mwenu. Siku hiyo mjue kukitambua, na msione aibu kupiga kelele.

Mwezi uliopita, kwenye ubatizo wa mjukuu wa rafiki yetu, niliisimulia tena hadithi hii. Nilipofika kwenye urefu wa samaki nikatanua mikono, nikamgonga jirani yangu. Maman Zawadi akaweka sahani chini.

"Papa, ile samaki yako inaongezeka kila mwaka!"

"Sasa mama," nikamwambia, "si nilimuachilia? Ataacha vipi kukua?"