Mfuko Tuliouzika Chini ya Mlimau

Samahani msomaji kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na mtu akinitazama mkono husimama kabisa. Maneno haya ni ya shangazi yangu Mwanaidi, wa hapa Makorora. Yeye amesema, mimi nimeandika. Alipochoka, tulipumzika.

Mwanangu, naikumbuka siku moja ya harusi kule Pongwe. Nilikuwa bado kijana, lakini nimeshanyonyesha watoto watatu na kifua kimelala, kama kinavyolala cha kila mama. Tulikuwa uani tunapepeta mchele. Wifi yangu Asha, mama yake huyu anayeniandikia, akasema mbele ya wote, "Sidiria ya Mwanaidi ina vyumba viwili, mpangaji hakuna." Wanawake walicheka mpaka ungo ukamponyoka mmoja wao. Nami nilicheka, maana utani wa mawifi ni ada. Lakini neno lile lilifika Makorora kabla yangu, na mwiba ukishakuingia hauulizi kama ulikuwa unacheka.

Basi nikatafuta mpangaji. Nilikwenda mji mwingine, kwenye kliniki aliyonisifia mwanamke tuliyefahamiana naye sokoni. Nikapasuliwa, nikatiwa mifuko miwili ya silikoni. Sikuambiwa kwamba mifuko ile haidumu maisha yote, kwamba inaweza kupasuka, wala kwamba nirudi kuangaliwa. Nami sikuuliza. Niliogopa kuonekana mshamba, nikatia sahihi pale nilipoonyeshwa.

Nisikudanganye, mwanzoni nilifurahi. Nguo zilinikaa. Miaka ikapita, titi la kushoto likaanza kukaza, likawa gumu kama koroma. Mkono ukawa hauinuki kuanika nguo. Nikawa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nilitibiwa malaria, nikapungwa pepo, nikanywa kombe la aya zilizooshwa kwa maji. Kila aliyenitibu nilimweleza habari za viungo na homa, za kifua nikazimeza. Nikaiita stara. Wazee walisema mficha uchi hazai, nami watoto nilikuwa nao tayari, nikadhani methali hiyo imeshanipita.

Titi lilipovimba ghafla ndipo nilipokwenda hospitali kubwa nikasema kweli. Mfuko ulikuwa umepasuka ndani, silikoni imevuja. Daktari, binti mdogo tu, alinieleza bila kunikaripia kwamba maji yaliyojaa pale lazima yapimwe, maana kuna kansa, ingawa ni ya nadra, inayoota kandokando ya mifuko hiyo. Kwangu haikuonekana, alhamdulillahi. Akaitoa yote miwili. Siku ya kutoka, nesi akanikabidhi mifuko ile ndani ya kopo.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwetu kilichotoka mwilini hakitupwi ovyo. Kitovu cha mtoto, jino, hata nywele, huzikwa. Asha, ambaye tangu aanze kuniuguza alikuwa hawezi kunitazama usoni, aliifunga mifuko katika kitambaa cheupe, akafukiza ubani, akaizika chini ya mlimau wa uani. Nikaona aibu yangu imeingia ardhini.

Baadaye akaja kunitazama Bi Mwanakombo, mkunga wa zamani aliyezalisha karibu mtaa mzima. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi mkekani. Asha akamsimulia yale mazishi kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu. Bibi hakutabasamu.

"Kondo zenu na za wanenu nimezizika mimi," alisema. "Kondo ni ya mwili. Mifuko hiyo ilishonwa kiwandani, ikatiwa na mtu mwenye jina na mlango. Nyinyi mmemzikia ushahidi wake, na sanda mkamnunulia."

Nikamwambia, "Bibi, nikishtaki, mtaa mzima utajua habari za kifua changu."

"Mtaa ulishakicheka zamani. Asiyejua ni mwanamke anayelazwa leo kwenye kitanda kile kile."

Asha ndiye aliyekwenda kufukua, kwa mikono, jembe alilikataa. Mfuko wa kushoto ulikuwa umechanika ubavuni, na namba zilizochapwa mgongoni bado zilisomeka.

Tuliupeleka kwa wanasheria wanaosaidia wanawake. Wakasema namba itaonyesha ulikotoka, na ripoti ya hospitali itaonyesha ulivyoniumiza. Malalamiko yakaenda kwa wanaosimamia madaktari na kwa wanaosimamia vifaa vya tiba, kisha tukafungua kesi ya madai. Upande wa pili wanasema mfuko ulipasuka kwa kubeba kwangu ndoo, tena wanasema huenda ulichanika tulipoufukua. Tungeuacha ndani ya kopo, neno hilo wasingelipata. Sasa Asha atapanda kizimbani aeleze alivyozika na kwa nini. Ameniambia ataanzia harusini Pongwe.

Kesi imeahirishwa tena. Nimechoka, mwanangu, sikufichi. Huenda nikashinda, huenda tukapatana nje, huenda nisiambulie kitu.

Sikukatazi, mwili ni wako, na si kila aliyewekewa huugua. Ila kabla ya kisu uliza mfuko ni wa aina gani, utadumu muda gani, na ukiharibika utakwenda kwa nani. Anayeudhika kwa maswali yako mkimbie. Kila karatasi utakayopewa itunze, na kadi yenye namba usiitupe. Titi likikaza, likivimba au likibadilika umbo, wahi hospitali na useme una nini ndani, hata kama umekwenda kutibiwa goti. Ukitolewa, omba ripoti, omba na kitu chenyewe, kiache kama kilivyo. Wala usikae na machungu ukidhani haki itakusubiri, sheria ina muda wake wa kushtaki, ukipita mlango hufungwa. Na wewe mwenye ulimi mwepesi jikoni, mtazame Asha.

Mungu akupe stara ya kukufunika, akuepushe na stara ya kukuzika ungali hai. Amina.

Hapo shangazi amelala. Mimi naomba jambo moja tu. Kama unacho ulichokificha, au unamjua aliyekificha, tuandikie kupitia gazeti hili. Usiogope mwandiko mbaya. Atakayemsomea shangazi ni mimi, na mimi husoma polepole.